Ugonjwa Unaojua Saa: Kisa cha Mchumaji Chai Mmoja wa Mufindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kata moja inayolima chai wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Majina ya kata, kijiji, zahanati na duka la dawa yameachwa. Mchumaji nitakayemwita Mama Neema si hilo jina lake, na hana mtoto anayeitwa Neema. Alisomewa andiko zima kabla halijatoka, akataka mambo mawili yafutwe, yamefutwa. Mimi ni mfiziotherapia niliyekuwa nikifanya kazi katika wilaya hiyo, na mengi ya makosa utakayoyasoma ni yangu. Usitegemee nitayasimulia kama mtu aliyekuwa amekaa dirishani akitazama.

Mazingira

Aliyewahi kulala Mufindi mwezi wa Julai hahitaji kusimuliwa baridi ya huku. Mabondeni umande huganda usiku, na kukipambazuka nyasi zinaonekana kama zimemwagiwa chumvi. Watu huamka gizani, huota moto jikoni, kisha huingia shambani wamejifunga nailoni kiunoni ili wasilowe. Chai inachumwa kwa vidole: majani mawili na chipukizi lake, unakata, unatupia kikapuni mgongoni, unarudia maelfu ya mara kwa siku. Malipo ni kwa kilo. Anayewahi anapata uzito mzuri kwenye mizani ya kwanza. Anayechelewa hana pa kujificha, kwa sababu daftari la karani linasema.

Halafu kuna jina. Maumivu yote ya viungo huku yanaitwa baridi yabisi. Yabisi ni kavu, gumu, na baridi kila mtu anaijua. Jina lenyewe limeshataja chanzo, sasa daktari aje kueleza nini tena? Chini ya jina hilo moja yamelala magonjwa yasiyo na undugu. Yumo bibi wa miaka 70 ambaye goti limesagika. Yumo mzee wa bia na nyama choma ambaye dole gumba la mguu linawaka usiku, yaani jongo. Yumo mbeba magunia ya viazi mwenye mgongo mbovu. Na umo ugonjwa ambao kinga ya mwili inawageukia wenyeji wake na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Wataalamu huuita rumatoidi, nami nitauita hivyo ili tusichanganyikiwe. Wengine hulichanganya jina la baridi yabisi hata na homa ya baridi yabisi, ile inayowapata watoto baada ya maambukizi ya koo na kuharibu milango ya moyo. Katika mkutano nitakaousimulia, mama mmoja aliniuliza kama maumivu ya goti lake yatapanda mpaka moyoni. Nilimjibu kwa haraka na vibaya.

Mkutano wa Oktoba

Siku ya Athritisi Duniani huadhimishwa Oktoba 12, tangu mwaka 1996. Wilayani kwetu ilikuwa ikipita kimya kimya. Mwaka huo tulipata gari na mafuta ya siku moja, tukachagua kata yenye wachumaji wengi. Tulikuwa wanne: mimi, muuguzi, afisa afya wa kata, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Mhudumu. Huyu wa nne tulimpa kazi ya kupanga mabenchi.

Nilianza na takwimu. Nikasema kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu bilioni 1.71 wanaishi na magonjwa ya mifupa, misuli na viungo. Kwamba mwaka 2019 wenye rumatoidi walikuwa milioni 18, na asilimia 70 kati yao ni wanawake. Kwamba magonjwa ya viungo yako ya aina zaidi ya 100. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Na hapa kwetu ni wangapi?" Nikasema tutalifanyia kazi.

Nyuma yangu lilikuwa limetundikwa bango: mzee mwenye mvi, ameinamia mkongojo, ameshika goti.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya baridi tupu. Kulala na soksi kunasaidia? Na anayefua mtoni asubuhi? Maji ya moto yanayeyusha? Nikawajibu, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, kwamba baridi haimpi mtu ugonjwa huu. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, wewe unalala mjini kwenye nyumba ya tofali. Njoo ulale kwangu Julai." Watu wakacheka sana. Mkutano uliishia hapo, ingawa mimi niliendelea kuongea dakika ishirini zaidi.

Kwenye ripoti niliandika kwamba wananchi zaidi ya 100 wamefikiwa. Mama Neema alikuwa mmoja wao. Alikaa benchi la mwisho. Miezi baadaye nilimuuliza alisikia nini siku ile. "Nilisikia ni ugonjwa wa wazee, tena wa magoti," alisema. "Mimi nina miaka 36 na magoti yangu ni mazima."

Mgonjwa tuliyempita

Ugonjwa ulimwanza kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, pale vinapoungana na kiganja. Wiki chache baadaye ukatokea mkono wa kushoto, mahali pale pale, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ukaja kwenye vifundo vya mikono, kisha kwenye nyayo. Akishuka kitandani alihisi anakanyaga changarawe. Asubuhi alishindwa kujifunga kanga, binti yake wa darasa la nne akawa anamfunga. Kifuniko cha chupa ya chai kilimshinda. Lakini kufikia saa nne, umande unapokauka, mikono ilikuwa inafunguka. Saa nane alikuwa mstarini anachuma na kupiga soga na wenzake. Jioni alisonga ugali, kwa maumivu, ila alisonga.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo vitabu vyetu vya mafunzo huipitia kwa mstari mmoja: "kukakamaa kwa viungo asubuhi zaidi ya saa moja". Kwenye nyumba yenye wakwe, mstari huo una maana nyingine. Mama mkwe wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelima tangu utoto, ameamka saa kumi na moja maisha yake yote, na aliona mkamwana anayeumwa asubuhi, wakati wa kuchota maji na kuwasha moto, kisha mchana mzima anacheka. Swali lake lilikuwa la haki kabisa kwa alichokiona: "Ugonjwa gani huu unaojua saa?" Shambani wenzake walimbandika jina. Walimwita Saa Nne.

Dalili nyingine ilikuwa wazi kwa kila mtu na hakuna aliyeisoma. Huku kwetu salamu ni ya mkono. Unasema kamwene, unatoa kiganja, na watu wazima hukishika kwa nguvu na kukitikisa. Mama Neema alikuwa ameacha kutoa kiganja. Alikuwa anakunja ngumi nusu na kutoa kifundo cha mkono, kama mtu anayetoka kula au kulima na mikono ina uchafu. Waliomsalimu walidhani ana haraka, na wengine walisema anaringa.

Alijaribu vyote vinavyojaribiwa. Dawa za kuchua. Mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Chale kwenye vifundo. Maombi. Mwisho akanunua mnadani dawa ya unga iliyofungwa kwenye vikaratasi, muuzaji akimwambia ni mizizi mitupu. Siku ya tatu alikuwa mzima. Aliamka kabla ya mama mkwe, akachota maji, akala sana, uso ukajaa na watu wakamsifu kuwa amenawiri. Baada ya miezi miwili muuzaji hakurudi. Vikaratasi vilipoisha, maumivu yalirudi kwa kishindo, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu na mwili kulegea hata kusimama shida. Daktari aliyemwona baadaye alihisi kwamba kwenye ule unga mlichanganywa dawa ya jamii ya steroidi, zile zinazotuliza uvimbe kwa haraka, kama predinisoloni au deksamethasoni. Hatukuwa na mabaki ya kupima. Ila mtiririko wa nafuu ya haraka, uso kujaa, kisha kuporomoka baada ya kuacha ghafla, unafanana sana na hilo.

Swali la umande

Wiki mbili baada ya mkutano, Mama Mhudumu alifika hospitali kwa shughuli nyingine, akanitafuta. Alinisalimu, akakaa, akasema, "Mwanangu, siku ile mlisema mengi. Lakini hamkutuuliza kitu." Kisha akaniuliza yeye: mtu anayetoa kifundo badala ya kiganja, anaumwa nini?

Tulizungumza karibu saa nzima. Nilimweleza kwamba goti au kidole kilichosagika hukakamaa asubuhi pia, lakini kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa, na huuma zaidi kadiri unavyokitumia. Rumatoidi hukakamaza kwa muda mrefu, saa moja na kuendelea, na kutembeza viungo huviachia. Alinisikiliza, akasema watu wake hawahesabu dakika. Wanahesabu uji na umande. Tangu moto kuwaka mpaka uji kuiva ni kama nusu saa. Umande kukauka ni saa tatu, saa nne.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali, na ni lake, mimi nililiandika tu: *Asubuhi mikono yako inafunguka kabla uji haujaiva, au mpaka umande ukauke?*

Tuliamua mambo matatu. Kwanza, hakuna mkutano mwingine. Swali litaulizwa kwenye foleni ya mizani, kisimani na kwenye vikao vya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, mahali ambapo watu wanazungumza bila kuhutubiwa. Pili, anayejibu "umande" ataombwa akunje ngumi, kisha atashikwa kiganja na kubanwa kwa upole pale kwenye mashina ya vidole. Akishtuka kwa maumivu, au kukiwa na uvimbe ambao umedumu wiki sita na zaidi, anaandikiwa karatasi ya kwenda zahanati. Tatu, hatutabishana na baridi. Hili la tatu nilikataa mwanzoni, nikihofia tunaacha uongo uendelee. Mama Mhudumu alikuwa na jibu lake, na nimelisikia mara nyingi tangu hapo: "Ndiyo, baridi inakaza viungo. Lakini baridi ni yetu sote. Mbona mikono iliyovimba ni ya mmoja?"

Aliyekuwa bosi wangu aliona tunajitafutia mafuriko ya wagonjwa. Alikuwa sahihi kwa kiasi fulani, na nitalirudia.

Mama Neema aliulizwa kwenye kikao cha VICOBA, mbele ya wanawake wapatao ishirini. Hakujibu mara moja. Mwenzake wa shambani, mmoja wa waliokuwa wakimwita Saa Nne, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa umande." Kikao kikanyamaza. Mama Mhudumu anasema hakuna aliyecheka, na kwamba jina lile halikusikika tena shambani. La pili hilo sina uhakika nalo; majina hayafi haraka hivyo.

Karatasi ilipofika zahanati

Alikwenda zahanati na karatasi yake. Akapewa diklofenaki na ushauri wa kuvaa sweta.

Mhudumu aliyempokea hakufanya uzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna swali, kuna karatasi, na kuna watu watakaokuja. Tulihamasisha kijiji tukaisahau zahanati iliyo katikati ya kijiji. Kwa zahanati yenye wahudumu wawili na kabati lenye dawa chache za maumivu, mama mwenye mikono inayouma anapata dawa ya maumivu. Diklofenaki ilimpunguzia kweli, akaendelea kuinunua dukani kwa mwezi mzima, mpaka tumbo likaanza kuwaka. Dawa za kundi hilo hutuliza uvimbe na maumivu, lakini hazizuii rumatoidi kula kiungo, na zikitumiwa mfululizo bila uangalizi huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo.

Mama Mhudumu alipogundua, alimsindikiza mwenyewe kituo cha afya, na kutoka huko akaandikiwa rufaa ya hospitali ya wilaya. Hapo mume wake akagoma. Nauli ya mara ya tatu, kazi ya wiki nzima ya kuchuma imeliwa na bodaboda na basi, na kuna jambo lingine ambalo hakulisema mbele yetu. Iringa na Njombe ni mikoa ambayo kiwango cha maambukizi ya VVU kiko juu kuliko sehemu nyingi za nchi, na kijijini mtu aliyepungua uzito anayekwenda hospitali kwa tarehe maalumu anajulikana anaendea nini. Mama Neema alikuwa amepungua, kwani rumatoidi inapowaka huleta uchovu na kumaliza mwili. Baba Neema aliogopa maneno.

Kilichomlainisha hakikuwa maelezo yangu. Mama Mhudumu alimwomba mama mkwe ashike mkono wa mkamwana wake saa kumi na mbili asubuhi, kabla moto haujawaka, na aushike tena saa sita mchana. Bibi yule alishika. Alisema asubuhi vidole vilikuwa vya moto na vimejaa "kama mihogo iliyolowekwa". Ndiye aliyemwambia mwanawe atoe nauli.

Hospitalini vipimo vya damu vilionyesha kwamba ugonjwa unawaka vikali mwilini, na kipimo cha rumatoidi kilitoka chanya. Kingetoka hasi tusingemrudisha nyumbani, maana wapo wenye ugonjwa huu ambao kipimo hicho hakiwashiki. Picha ya mikono ilionyesha mmomonyoko mdogo kwenye mifupa miwili. VVU hakuwa navyo. Alimpa mumewe karatasi ya majibu aisome mwenyewe. Baada ya kupimwa ini, figo, wingi wa damu na ujauzito, alianzishiwa methotreksati, dawa inayozuia rumatoidi kula viungo, vidonge vinne siku moja tu katika wiki, na asidi ya foliki siku nyingine, pamoja na predinisoloni kidogo ya kumvusha wiki za mwanzo. Aliambiwa wazi kwamba methotreksati inadhuru mimba, akachagua sindano ya uzazi wa mpango. Aliambiwa pia aache ulanzi, pombe ya mianzi, kwa ajili ya ini. Hilo, anasema, lilimuuma kuliko vidole.

4×1

Mwezi wa pili wa matibabu, dawa hazikuwepo hospitalini. Akapewa cheti, akanunua duka la binafsi. Bahasha ya kwanza, ile ya hospitali, ilikuwa imeandikwa kwa maneno: vinne, kila Jumatatu. Bahasha ya dukani iliandikwa kama bahasha zote za dawa nchini zinavyoandikwa: 4×1. Yeyote aliyewahi kumeza dawa Tanzania anajua kusoma hiyo. Vinne, mara moja kwa siku.

Alimeza vinne kila siku kwa siku tano. Nilimuuliza kwa nini hakushangaa wakati mwezi uliotangulia alimeza kwa wiki. Jibu lake linaingia akilini kabisa: alikuwa amemwambia daktari bado vinauma, rangi ya vidonge ilikuwa tofauti, akajua daktari ameongeza. Siku ya tano vidonda vilijaa mdomoni, uji ukashindwa kupita.

Mama Mhudumu alikuwa amefundishwa jambo moja kuhusu dawa hii: mdomo ukitoka vidonda, mgonjwa asisubiri. Bodaboda ilikodiwa usiku. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka vibaya. Dawa ilisimamishwa, akapewa tiba ya kupunguza sumu, akalazwa siku tisa. Methotreksati kwa wiki ni dawa iliyowarudishia kazi watu wengi sana duniani; methotreksati kila siku kwa kiwango hicho inaua, na kosa hili la siku na wiki linajulikana kila nchi inapotumika dawa hiyo. Sisi hatukulisema kwa mtu yeyote nje ya chumba cha daktari.

Matokeo

Alirudishiwa dawa miezi miwili baadaye, kwa kiwango cha chini, kikapandishwa taratibu. Siku yake ya dawa si Jumatatu tena, ni Alhamisi, siku ya mnada, kwa sababu hakuna mtu kijijini anayeweza kusahau siku ya mnada wala kuwa na minada miwili kwa wiki. Baba Neema anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Kila miezi michache anapimwa damu.

Mwaka mmoja na nusu tangu swali la VICOBA, mikono yake inafunguka kabla ya uji. Anachuma, ila hafikii kilo za zamani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda kuelekea upande wa kidole kidogo, na havitanyooka. Tangu maumivu ya kwanza hadi dawa sahihi ilipita miezi kumi na tisa. Mkutano wetu ulikuwa katika mwezi wa kumi na moja wa maumivu hayo. Miezi minane hiyo ni yetu. Ugonjwa huu hufanya uharibifu wake mwingi mapema, na matibabu yanayoanza ndani ya miezi ya mwanzo ndiyo yanayookoa viungo.

Waliokuja kwa sababu ya swali walikuwa wengi kuliko tulivyoweza kuwahudumia vizuri, kama bosi alivyosema. Wengi walikuwa watu wa uji: magoti, nyonga, migongo. Nilikuwa nakaribia kuwaona kama usumbufu, mpaka nilipotambua kwamba hao nao hakuna aliyewahi kuwaambia kitu zaidi ya "uzee" na "ute umekauka". Kwao tulianzisha mazoezi ya kukaza misuli ya paja: unakaa kwenye kigoda, unanyoosha mguu mmoja, unahesabu kumi polepole, unashusha. Wanafanya wakisubiri mizani. Wazee wawili wa jongo walipatikana, mmoja wao mkali kuliko wote kwamba yeye ana baridi yabisi na bia haihusiki. Na kijana mmoja mwenye goti moja lililovimba, la moto, na homa, alikimbizwa hospitali siku ile ile na kusafishwa usaha. Huyo swali la umande halikumhusu. Mama Mhudumu alimwona tu anavyochechemea.

Uchambuzi

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwenye semina kama mafanikio ya "lugha rahisi". Sikubaliani. Lugha yangu ya Oktoba ilikuwa rahisi pia, Kiswahili kitupu, hata utani nilitia. Tofauti ni kwamba mimi nilibeba jibu nikawapelekea watu ambao tayari walikuwa na jibu lao, lenye jina, lenye ushahidi wa kila Julai. Swali la umande halikugusa jibu lao. Liliwapa kipimo walichokuwa nacho nyumbani, wakajipima wenyewe, wakaona kwamba kati yao kuna mmoja ambaye baridi haimwelezi. Sidhani mama mkwe ameacha kuamini baridi. Bado anamwambia mkamwana avae sweta, na hakuna ubaya, joto linapunguza kukakamaa.

Bango lilifanya madhara ambayo hotuba nzuri isingeyafuta. Picha ya mzee wa mkongojo ilimtoa Mama Neema kwenye hadhira kabla sijafungua mdomo. Rumatoidi mara nyingi humkuta mwanamke akiwa katikati ya umri wake wa kazi. Tungechora mikono miwili inayopambana na kifuniko cha chupa ya chai, benchi la mwisho lingeinua kichwa.

Kosa kubwa kuliko hilo ni la mpangilio. Tuliwaamsha watu kabla ya kuiandaa zahanati, zahanati kabla ya duka la dawa. Mgonjwa aliyeaminishwa kwamba tatizo lake ni ugonjwa, kisha akarudishwa na ushauri wa sweta, yuko pabaya kuliko yule ambaye hakuambiwa kitu: mumewe amepata hoja. Nikipewa tena gari la siku moja, nusu ya siku nitaitumia ndani ya zahanati, na nusu nyingine kwa wauza dawa wa kata, nikiwa na ombi moja tu, kwamba methotreksati iandikwe kwa maneno na jina la siku, 4×1 isiiguse bahasha yake.

Kuhusu dawa za unga za mnadani sijui tungefanya nini zaidi. Tulifikiria kumwita mtendaji wa kijiji awafukuze wauzaji. Mama Mhudumu alikataa, akasema watahamia mnada wa kijiji cha pili na watu watawafuata. Badala yake anawauliza wagonjwa wote swali la ziada: kuna dawa iliyokuponya kwa siku tatu? Anayesema ndiyo haambiwi aache siku hiyo hiyo. Anapelekwa kwa daktari na kikaratasi chake mkononi, kwa sababu kuacha ghafla ndiko kulikomwangusha Mama Neema.

Halafu kuna suala la nani alifanya kazi. Katika ripoti ya mwanzo, Mama Mhudumu anatajwa mara moja, kwenye orodha ya posho. Yeye ndiye aliyeona kifundo kikitolewa badala ya kiganja, aliyepata swali, aliyemsindikiza mgonjwa, aliyemshikisha mama mkwe mkono ule asubuhi, na aliyekodi bodaboda usiku kwa fedha zake. Fedha hizo alirudishiwa baada ya miezi minne.

Dawa bado hukosekana hospitalini mara kwa mara. Ikikosekana, Mama Neema hukopa mfuko wa jamii wa VICOBA, hununua ya mwezi, na hulipa kwa kilo za chai. Mwezi uliopita alikopa tena. Bahasha aliyotoka nayo dukani ilikuwa imeandikwa 4×1. Aliirudisha pale pale juu ya kaunta, akasimama mpaka muuzaji alipoandika "Alhamisi".